Siku moja maishani mwangu: tabibu na magonjwa yanayofanana

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua chumba, nanawa mikono, nahakikisha mashine ya presha ina betri. Watu wakisikia kwamba mimi ni tabibu wa kituo kidogo hudhani siku yangu ni mafua, vidonge vya maumivu na kuandika rufaa. Mgonjwa anayefika kwa daktari bingwa wa moyo tayari kuna mtu alishaamua kwamba shida yake ni moyo. Mimi napokea "naumwa tu". Au, mara nyingi zaidi, napokea jina: nina vidonda vya tumbo, nina yutiai, mtoto ana nimonia. Kabla ya kumpima mtu inabidi kwanza nilivue lile jina, na nilivue bila kumvunjia heshima aliyekuja nalo.

Saa 2:00

Wa kwanza ni mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Anakohoa, pua inachuruzika. "Ni nimonia, daktari. Dada yake ilimwanza hivihivi."

Namwomba mama amtulize na amfunue kifua, kisha nahesabu pumzi kwa dakika nzima. Nusu dakika na kuzidisha mara mbili haitoshi, maana mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Kwa umri huu, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ndizo zinazonifanya nifikirie nimonia. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja ni 50, na mchanga wa chini ya miezi miwili ni 60. Huyu ana 34, na sehemu ya chini ya kifua haibonyei ndani anapovuta hewa. Mafua. Mama anaikagua meza yangu akitafuta chupa ya antibaiotiki. Namwambia amrudishe mbio akianza kuhema haraka, akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea au akipata degedege. Dakika ile ya kuhesabu, najua, itasimuliwa nyumbani kama "daktari alikuwa anatazama saa yake tu".

Saa 3:00

Kijana mwenye mabaka pajani. Alianza na duara moja lenye ukingo uliovimba kidogo, akaambiwa ni pumu ya ngozi, akapaka krimu yenye steroidi. Muwasho ukapungua, akafurahi, huku fangasi wakitanuka chini ya krimu bila kupingwa. Sasa ule ukingo umefifia na mabaka hayana umbo linalotambulika. Krimu hizi ndizo zinazonichosha kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu zinafuta ushahidi. Namkwangua kidogo kwa ajili ya darubini, namkataza ile krimu, namwandikia ya fangasi.

Saa 4:00

Mama wa makamo ameletwa na wanawe wawili, wote wanahema kuliko yeye. Ameamka mdomo umekwenda upande. "Kiharusi," mmoja anasema, na amekwisha kulia.

"Shikamoo mama. Nyanyua nyusi, kama mtu aliyeshangaa."

Upande wa kushoto paji linajikunja. Wa kulia limebaki laini, na jicho la upande huo halifumbi. Watoto wanaona hali ni mbaya zaidi: hata paji limekufa! Mimi naanza kupumua. Misuli ya juu ya uso hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, kwa hiyo kiharusi cha upande mmoja kwa kawaida hupotosha mdomo na kuliacha paji likifanya kazi. Likipooza na paji, mara nyingi tatizo liko kwenye neva yenyewe ya uso, ikiwa imeshatoka kwenye ubongo. Ndiyo hali iliyopewa jina la Charles Bell, daktari wa upasuaji wa Scotland. Lakini sitangazi ushindi kwa paji peke yake: nampima nguvu za mikono na miguu, anatembea, anazungumza, namchungulia sikioni kama kuna malengelenge. Kote hakuna kitu. Anaanza leo predinisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe wa neva, maana dawa hiyo husaidia ikianzwa ndani ya saa 72, na jicho lake litawekewa matone mchana na kufungwa usiku lisikauke. Mwanawe anauliza mara tatu kama nina hakika. Haki yake.

Saa 5:00, au tuseme hapo ndipo ilipoanzia

Anaingia mzee mmoja na kijana wake. Hakai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sina mengi. Vidonda vyangu vya tumbo vimeamka. Niandikie ile dawa ya siku ile, niondoke."

Namwomba anionyeshe panapouma. Anakunja ngumi na kuiweka katikati ya kifua. Wenye kiungulia wengi hupandisha mkono kutoka tumboni kuelekea kooni. Ngumi si ushahidi, ila ilinifanya niweke kalamu chini.

"Yanakuja ukila, au ukitembea?"

"Nikila."

"Ukila ukakaa?"

"Nikila nikapanda juu kulala." Simu inalia, anaipokea, anazungumza mambo ya mizigo, mimi nasubiri. Nje mtu anagonga mlango.

"Na usipokula, ukapanda ngazi?"

Kimya. Kijana ndiye anayejibu: "Baba siku hizi husimama katikati ya ngazi, anajifanya anatafuta funguo." Mzee anamkata jicho ambalo sijalisahau. Tunaendelea, neno baada ya neno. Ilianza wiki kadhaa nyuma kwenye mlima. Kisha ngazi. Akisimama, dakika chache inapoa. Juzi ilikuja kwa kuvaa viatu. Jana usiku ikamwamsha, jasho likamtoka, akanywa dawa ya kiungulia na ikatulia, kwa hiyo, hukumu yake, ni tumbo. Na ana kisukari cha miaka.

Namweleza kwamba kupata nafuu baada ya dawa ya kiungulia hakuusafishi moyo. Tumbo na moyo hupeleka maumivu njia za karibu, na maumivu ya moyo hupoa yenyewe pia, hata kama mtu hajameza chochote. Anasema aliambiwa ana vidonda. Nauliza na nani, kwa kipimo gani. Na mtu, bila kipimo.

Tunambandika waya kifuani. Mchoro wa moyo unatoka safi, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu kweli. "Si umeona? Mzima!" Anafunga vifungo vya shati. Nalazimika kumzuia kwa maneno tu, maana sina kingine. Mchoro unaochukuliwa mtu akiwa amelala bila maumivu unaweza kuwa safi ilhali mishipa inayoulisha moyo imeziba kwa sehemu. Kuna kipimo cha damu cha troponini, kinachoonyesha kama misuli ya moyo imeumia; hurudiwa baada ya saa kadhaa, nasi hapa hatuna. Maumivu yanayokuja kwa kazi ndogo zaidi kila siku, na sasa yanakuja mtu akiwa amelala, ni ya kwenda hospitali leo.

"Wiki ijayo."

"Leo, mzee."

"Wewe kijana umesoma lini?"

Namwuliza kuhusu choo cheusi na kutapika damu, kwa sababu kama kweli kuna kidonda kinachovuja, aspirini si ya kumpa ovyo. Hakuna, wala hana mzio nayo. Anatafuna miligramu 300 akikunja uso na kulalamika kwamba sasa namchoma tumbo. Anataka kwenda kwa gari lake, akiendesha mwenyewe. Hapana. Anataka kupitia nyumbani kwanza. Hapana. Muuguzi anachungulia kuniambia watu wamechachamaa nje. Naandika barua ya rufaa, napiga simu kuwaarifu, napiga tena kwa sababu ya kwanza ilikatika. Mwishowe hakukubali, alichoka tu kubishana, na mwanawe akamshika mkono. Gari la wagonjwa likaondoka naye akiwa bado anazungumza mambo ya mizigo.

Mchana

Nilipotoa kichwa nje nilipokelewa kwa miguno. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Mgonjwa mmoja saa nzima, chai hiyo." Sikujibu. Ningemwambia nini?

Baada ya hapo sikumbuki saa. Dada mwenye "yutiai" ya mara ya tatu, antibaiotiki juu ya antibaiotiki: nilimwuliza kama anaungua ndani mkojo ukitoka, au nje mkojo ukigusa ngozi. Nje, na muwasho, na uchafu mzito kama maziwa ya mgando. Mkojo wake ulikuwa safi. Fangasi wa ukeni, ambao zile antibaiotiki huenda ndizo zilizowaita. Baba mwenye "pumu" iliyomwanza ukubwani, anayekosa pumzi akilala chali na ambaye miguu imevimba ikibonyea kwa kidole: huyo naye ni wa kuchunguzwa moyo. Bwana wa kikohozi cha wiki tatu aliyekuja kuongezewa dawa ya maji, akaondoka na vikopo vya makohozi vya kupimia kifua kikuu na akiwa amenuna. Presha, presha, mgongo, kibali cha kazi. Jino, ambalo si langu.

Miguu inauma. Naona bado nauliza maswali yaleyale kwa sauti ileile, na hilo najivunia kidogo, kwa sababu mgonjwa wa mwisho hakuniomba nichoke kabla yake.

Nilikuwa najaza rejesta jioni, mafaili yamenifunika nusu, simu ilipolia. Kijana wa yule mzee. Wamemlaza, kipimo cha damu kimeonyesha misuli ya moyo imeanza kuumia, yuko chini ya uangalizi na anaendelea vizuri.

"Ila daktari," akasema, "baba ananiambia nikuulize. Zile dawa zake za vidonda, aendelee nazo?"