Fahari I-REIT: jinsi kupata chini ya theluthi ya mtaji uliolengwa kulivyoamua kila kitu

Kanuni zilizofungua mlango wa mifuko ya uwekezaji wa majengo (REIT) nchini Kenya zilitoka 2013. Wawekezaji wanachanga, mdhamini anashika mali kwa niaba yao, meneja anatafuta majengo na kuyasimamia. Kwa mfuko wa mapato ya kodi ya pango (I-REIT), angalau asilimia 80 ya mapato halisi sharti igawiwe, na mikopo isizidi asilimia 35 ya thamani ya mali.

Masharti hayo mawili yana meno. Faida ukishaigawa, huna tena akiba ya maana ya kununulia jengo lingine, na benki huwezi kuitegemea sana. Kwa hiyo ukubwa wa mfuko unaamuliwa kwa sehemu kubwa siku ya kuuza vipande vya kwanza, yaani sehemu za umiliki wa mfuko.

Fahari, wakati huo ikiitwa Stanlib Fahari kwa jina la meneja wake, iliuza vyake Oktoba na Novemba 2015 kwa shilingi 20 kila kimoja. Lengo lilikuwa bilioni 12.5, zikaingia kama bilioni 3.6. Kiwango cha chini kilichohitajika kilikuwa bilioni 2.6, basi kisheria toleo lilifaulu, na mwezi huohuo wa Novemba vipande vikaanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Fedha hizo zilinunua Greenspan Mall ya Donholm na majengo mawili madogo. Greenspan peke yake ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya majengo yote. Katika mall, duka kubwa la vyakula hulipa kodi ndogo kwa futi ya mraba, lakini ndilo linalovuta wateja wa maduka madogo. Likiyumba, wapangaji wadogo nao huanza kuomba punguzo. Mfuko wenye mall kumi hustahimili hilo. Wenye moja huliona moja kwa moja kwenye mgao. Mwaka 2018 iliongezwa ofisi ya 67 Gitanga Place, Lavington, kwa milioni 850, lakini mizani haikubadilika sana.

Upande wa soko, wauzaji walikuwepo, wanunuzi wachache, na bei ikashuka mbali chini ya thamani ya majengo kwa kila kipande. Kuuza vipande vipya kwa bei hiyo kungewapunja wenye vya zamani, kwa hiyo njia hiyo ya kukua nayo ikafungwa. Mwaka 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kutoka kwa shilingi 11: aliyenunua vipande 1,000 mwanzoni kwa 20,000 alirudishiwa 11,000, ukiacha migao aliyopokea katikati.