Wanawake Hamsini wa Ngomeni

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya Wareno, naandika ubaoni: Fort Jesus, Mombasa, 1593. Wanafunzi wananakili, wanakariri kwa ajili ya mtihani, tunasonga mbele. Nimekulia Singida, nikasomea Dar es Salaam, nikapangiwa kazi Morogoro, na katika kuhamahama kote huko ile ngome sikuwahi kuitia machoni. Mwaka 2016, likizo ya Juni, nikaamua kwenda.

Nyumbani swali la kwanza lilikuwa: kuna msiba? La pili: basi ni harusi? Kwetu mtu hupanda basi kwenda kwa watu. Kuvuka mpaka ili ukatazame kuta, tena mwanamke peke yako, ni jambo ambalo mama yangu alilala nalo usiku mzima kabla ya kunipa baraka zake. Mjomba alishauri nisubiri safari ya kwaya, tungekuwa wengi na nauli ingepungua. Nilimshukuru, lakini nilitaka kusimama mahali kwa muda ninaoutaka mimi, hata saa nzima mbele ya jiwe moja, bila mtu wa kunivuta mkono kwamba twende, watu wana njaa. Naamini hadi leo kwamba mji wa kale unahitaji hivyo. Ukiwa kwenye kundi unaonana na kundi.

Safari yenyewe haina mengi. Tanga, Horohoro, muhuri wa kutoka, muhuri wa kuingia Lungalunga, kubadilisha fedha, mashamba ya minazi, kisha Likoni, ambako abiria tulishuka na kuingia kwenye feri kwa miguu pamoja na mamia ya watu waliokuwa wakiwahi kufuturu. Ilikuwa Ramadhani. Hilo sikulipanga, na ninashukuru lilitokea, maana sidhani kama ningeuona mji ule nilivyouona mwezi mwingine.

Asubuhi nilikuwa langoni kabla hapajafunguliwa. Watu wa Mombasa wanapaita Ngomeni tu, na ukiuliza hivyo hata mtoto anakuelekeza. Nilikata tiketi ya Waafrika Mashariki nikaenda moja kwa moja ukutani, nikaweka kiganja. Kwa mbali ukuta ule ni wa rangi ya udongo uliopauka, mzito, hauna urafiki. Kwa karibu ni mawe ya matumbawe, yana vitundu vitundu kama sega la nyuki, na ndani ya vitundu hivyo yamebaki maganda ya makombe na alama za viumbe vilivyoishi baharini kabla mtu hajafikiria kujenga chochote pale. Mwitalia aitwaye Giovanni Battista Cairati ndiye aliyechora ramani yake, kwa amri ya mfalme Philip wa Pili wa Hispania, ambaye wakati huo alitawala na Ureno. Ujenzi ulianza 1593 ukaisha 1596. Hayo nilikuwa nayo kichwani. Vitundu vile sikuwa navyo.

Nilitaka kuzunguka peke yangu, lakini mzee mmoja mwongozaji, mwenye kofia ya kushona kwa mkono na sauti ndogo ya mtu aliyefunga, alinisalimu kwa upole nikaona si adabu kumpita. Aliposikia mimi ni mwalimu wa historia aliacha kunisimulia kama mgeni, akawa ananisimulia kama mwenzake. Tulipita mizinga, mifupa ya nyangumi, magofu ya kanisa. Akanionyesha mahali palipokuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, akanieleza habari za 1631, Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno huko Goa, India, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudi kutawala, mwisho akawageukia na kumwua kapteni wao humu humu ngomeni. Hadithi hiyo peke yake ingetosha kipindi kizima darasani.

Nilikaa sana kwenye michoro. Askari wa Kireno waliokuwa zamu walichora ukutani kwa mkaa na udongo mwekundu: majahazi na merikebu, makanisa, samaki, watu. Merikebu moja imechorwa na mtu aliyezijua kamba zake, moja baada ya nyingine. Mtu huyo alikuwa mbali na kwao, joto linamchoma, hana barua, akachukua mkaa akachora chombo ambacho kingeweza kumrudisha. Nilimhurumia, ingawa najua kilichomleta. Mzee alinisubiri bila kuonyesha haraka.

Kisha akaanza habari za kuzingirwa kwa ngome. Nilikuwa nikisikiliza nusu, maana habari hiyo naijua: Waomani waliizingira Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698, ukawa mwisho wa nguvu za Wareno pwani ya kaskazini. Kwenye vitabu vyetu ni mistari miwili. Mzee alikuwa akiisema kwa kasi, kama mtu aliyeisema mara nyingi, kwamba njaa iliingia, maradhi yakaingia, na mwaka 1697 Wareno wa ndani walikwisha wote, wakabaki Bwana Daud wa Faza na jamaa zake kumi na saba, na wanaume wa Kiafrika wanane, na wanawake wa Kiafrika hamsini, halafu meli za msaada zikaja...

"Samahani, mzee. Hapo umesemaje?"

"Meli za msaada, mwezi wa tisa."

"Kabla yake."

Akarudia. Bwana Daud, Mswahili wa Faza katika kisiwa cha Pate. Jamaa zake 17. Wanaume 8. Wanawake 50. Hao ndio walioishika Fort Jesus baada ya Wareno kufa, mpaka meli zilipofika kutoka Goa.

Nilifanya hesabu pale pale nimesimama. Watu sabini na sita, na hamsini kati yao ni wanawake. Theluthi mbili ya walinzi wa ngome ninayoifundisha kila mwaka walikuwa wanawake wa Kiafrika, ndani ya boma la mgeni, wakililinda dhidi ya mgeni mwingine. Nilimwuliza mzee majina yao. Akasema tangu aanze kazi hii hajasikia hata moja. Nilimwuliza walikuwa nani basi, watumwa, wake za watu, wapishi? "Huenda wote hao," akasema. Jina la Bwana Daud tunalo. La merikebu tunalo pia: Santo António de Tanná, iliyokuja na msaada ule wa 1697 ikazama chini ya ngome mwezi uliofuata. Wapiga mbizi walifanya kazi juu yake kuanzia 1977, na vitu vyake vimewekwa makumbusho humo humo, vyombo vya udongo, vya chuma, vya mbao, kila kimoja na kibandiko chake. Nilivitazama vyote. Nilikuwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha: chungu kilicholala baharini karibu miaka mia tatu kina kibandiko.

Mzee alinionyesha kisima. Akasema maji yake ni ya chumvi, ya kuogea na kufulia, ya kunywa walikinga ya mvua kwenye birika. Nikainama ukingoni. Nilimpa mkono wa shukrani, naye akaenda zake kupumzika kivulini mpaka adhuhuri.

Mchana ule nilitembea Mji wa Kale nikiwa na wanawake wale kichwani, na sijui kama ningeona nilichokiona bila wao. Ndia Kuu, milango ya nakshi, roshani za mbao zinazokaribia kugusana juu ya kichwa chako. Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, mweupe, mnara wake umenenepa chini na kuchongoka juu, na mbele yake, ng'ambo ya kijia, kisima. Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akaandika kwamba kwenye milango ya misikiti kuna visima, watu wanateka maji kwa chombo cha mti wakaosha miguu ndipo waingie. Huyu naye alikuwa msafiri, naye aliangalia maji. Mikahawa imefungwa, vijia vimetulia, paka wamelala barazani. Ilipogonga saa kumi mji ukafunguka. Moshi ukaanza kutoka majumbani, na Kibokoni meza zikatokea mbele ya milango: viazi karai, bhajia, kaimati, mkate wa sinia, sambusa zimepangwa hadi ukingo wa sinia. Waliosimama nyuma ya meza hizo, karibu wote, walikuwa wanawake.

Nilipita, nikarudi, nikapita tena. Mama mmoja mnene, leso begani, akaniita.

"Mwanangu, toka alasiri wapita hapa na kurudi. Wamtafuta nani?"

"Shikamoo, mama. Simtafuti mtu. Natembea tu."

"Marahaba. Wewe watoka Tanzania. Umekuya na nani?"

"Peke yangu."

"Pekeyo?" Akageuka kumwita mkwewe aje asikie. "Basi ndoo ukae hapa. Futari hailiwi pekeyo."

Nikasema mimi ni Mkristo, sijafunga. "Kwani nimekuuliza? Keti." Nikaketi barazani. Adhana ya magharibi ilipoanza tukala tende, uji wa pilipili manga, kisha mahamri kwa mbaazi za nazi, nazi yake nzito inabaki kidoleni. Walipotoka kuswali mkwewe aliniuliza nimeona nini siku nzima. Nikawaeleza. Niliwaeleza habari ya wanawake hamsini nikitarajia watashangaa kama mimi.

Mama hakushangaa. Alinitazama kidogo, akauliza:

"Na watoto je?"

"Watoto gani, mama?"

"Wanawake hamsini ndani ya boma, na vita vya miaka miwili na ushei. Watoto hawakosi. Hao nani aliwahesabu?"

Sikuwa na jibu. Mkwewe, ambaye alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, akauliza mkunga alikuwa nani. Jirani aliyekuja kurudisha sinia akasimama kusikiliza, akasema yeye angetaka kujua kuni walipata wapi, maana maradhi unaweza kuyavumilia, lakini mchele bila kuni utaula vipi? Mama akasema mchele wenyewe walikuwa nao? Na wakipika wapike kwa maji gani, yale ya kisima cha ngomeni? Wakabishana. Mmoja akasema wangekula samaki, mwingine akamwuliza samaki angevuliwa na nani na Waomani wako nje. Walizungumza habari za watu wale kama jamaa wa mtaa wa pili waliopatwa na shida, kwa uchungu huo huo na kwa hesabu hiyo hiyo ya unga na kuni. Nimekaa kwenye semina nyingi za walimu wa historia. Sijawahi kusikia maswali mazuri kuliko yale ya baraza la Kibokoni, na nilitoa daftari nikayaandika yote.

Mama alikataa fedha zangu. Akamtuma mwanawe wa mwisho anisindikize hadi nilikofikia, kijana akanisindikiza kimya hadi mlangoni kisha akakimbilia tarawehe.

Basi langu lilikuwa la mchana. Asubuhi nikarudi Ngomeni, nikakata tiketi nyingine, nikamtafuta yule mzee nikamsomea maswali ya daftarini: watoto, mkunga, kuni, mchele. Alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "watu huniuliza mizinga. Huniuliza uzito wa mizinga."

Akaomba nimsomee tena. Kisha akaniambia ana wageni wa saa nne, watoto wa shule ya msingi, kama nina nafasi nisubiri. Nilisubiri. Wakaja na sare zao, wanasukumana, wanagusa kila kitu. Aliwapitisha kwenye mizinga na kwa nyangumi, na alipofika kuzingirwa kwa ngome hakwenda kwa kasi. Akataja wanaume wanane, akanyamaza kidogo, akataja wanawake hamsini. Akawauliza: mwadhani walikuwa na watoto?

"Ndiyooo!"

Msichana mmoja mwembamba aliyesimama mbele akanyoosha mkono, akauliza walilala wapi. Mzee akanitupia jicho, akawageuza watoto wote, nami nyuma yao, tukaenda kutazama magofu ya vyumba.