Watoto wamejitahidi

"Watoto wamejitahidi." Wifi aliyasema hayo Jumamosi mkoba ungali begani, hata maji hajanywa, macho kwenye mapambo ya mti wetu wa Krismasi pale kando ya televisheni. Aliyasema kwa mapenzi, na hapo ndipo penye tabu. Angekuwa amenikejeli, ningekwisha kumjibu moyoni nikalala.

Wiki yenyewe haikuwa ndogo. Matokeo ya binti yetu Zawadi yametoka na tumeshukuru, Baba Zawadi kahamishiwa zamu ya usiku bandarini, tulikwenda kuzika Kaloleni tukarudi. Mimi nimekaa na maneno mawili.

Watoto wapi? Zawadi mnamjua, nilipomwomba anishikie mkasi alisema anakuja, mpaka leo yuko njiani. Baraka alifanya kazi moja tu, kuokota vikokwa vya mvinje tulipokwenda ufuoni Bamburi, na nusu yake akamrushia dadake. Yaliyobaki yote ni mikono hii. Gunia la kahawa lilitoka bandarini na harufu yake, nikalifua, nikalipaka uji mzito wa unga wa muhogo, nikalianika. Juti ukiikata hivi hivi inafumuka nyuzi mpaka nyota inakuwa kama ufagio. Inataka ikauke na uji wake kwanza, ndipo mkasi upite. Vifuu nimevikwangua kwa kigae cha chupa, nikavipiga msasa, nikavipaka mafuta ya nazi mpaka vikang'aa. Unga wa chumvi, ule wa vikombe viwili vya ngano kwa kimoja cha chumvi, mnaouulizia kila mwaka, sitaki hata kuusikia. Chumvi inavuta maji hewani, na kwa unyevu huu wa kwetu malaika anainama shingo kabla Krismasi haijafika.

Na hivyo vikokwa tusividharau. Mvinje kwa mbali utadhani ni msonobari, lakini yale unayoyaona majani ni vijitawi vyenye vifundo, jani lenyewe ni gamba dogo tu kwenye kifundo. Ndio mti ambao René Haller, yule mtaalamu wa kilimo, aliupanda mwaka 1971 kwenye machimbo ya saruji hapo Bamburi, palipokuwa jiwe tupu, ukashika, kwa sababu mizizini mwake mna vijidudu vinavyoinasa naitrojeni ya hewani. Matunda yake ukiyaanika mabichi yanapasuka yenyewe na kumwaga mbegu zenye ubawa. Niliyaweka juu ya bati, nikayafunika kipande cha chandarua kwa ajili ya kunguru, maana kunguru wa Mombasa hawaulizi ni cha nani.

Kamba za kutundikia ni katani ya kwetu Taita, kaisokota Mama pajani mwake, vile vile anavyosokota ya vikapu. Hapo ndipo ninapochomwa zaidi. Na Mama naye ni mtoto?

Basi nalirudia. Wifi akasema, "Watoto wamejitahidi." Baba Zawadi, mdomo umejaa hamri, akaitikia, "Eeh, wanajitahidi." Nami nikasema, "Karibu chai."

Karibu chai! Tangu siku hiyo, nikiosha vyombo, nikiwa kwenye matatu pale Kibarani, natafuta jibu jingine. "Wifi, ni mimi" linasikika kama mtoto anayetaka kupigiwa makofi, na ndilo jina alilokwisha kunipa. "Watoto gani?" ni la ugomvi. Kucheka kungekuwa bora, lakini cheko halikuja kwa wakati wake. Usiku Wifi akapiga picha akaituma kwenye kundi la familia, kaandika "kazi ya watoto wa kaka", mioyo ikamiminika. Mama mkwe akatuma sauti ya kuwabariki wajukuu. Ningeanzia wapi?

Halafu Wifi akafungua sanduku lake, akatoa mipira ya plastiki myekundu inayometa. "Ya kuongezea." Nimeitundika, sikatai. Upande wa ukutani.

Jumatatu akaja Bi Rukia wa mlango wa pili, kurudisha mbuzi yetu ya kukunia nazi. Hakukaa. Alisimama mbele ya mti, akaichukua ile nyota ya ukindu niliyoisuka, akaigeuza nyuma, maana kazi ya ukili anaikagua kwa nyuma.

"Hii umesuka wewe?"

"Mimi, Bi Rukia."

"Umeilegeza. Na ukindu hukuurowesha."

"Niliupata mkavu, sokoni Kongowea."

"Mkavu wavunjika, mwanangu. Lete maji."

Akaketi mkekani, akaifumua nyota yangu yote, bila hodi bila samahani. Akaurowesha ukindu kwenye beseni, akaupasua kwa kucha sawasawa, akanipa ncha nishike. Mikeka amesuka tangu hajavunja ungo; Krismasi si yake na hakuizungumzia hata kidogo. Alizungumza juu ya kona, kwamba kona ndiyo inayomtangaza msukaji. Nikisuka anafumua, nikisuka anafumua, mpaka ikaja moja akaitazama, akaiweka kando bila neno na kuuliza kama kuna chai. Adhana ya alasiri ikamkuta bado yuko kwangu.

Jamani, nilifurahi! Kufumuliwa kote kule, nikafurahi. Baraka humletea vitu vyake vya karatasi kila wiki naye hajapata kumfumulia hata kimoja. Humpigia makofi, akampa visheti.

Wifi alikuwa kwenye kochi muda huo wote na simu yake. Bi Rukia alipotoka akaniuliza, "Kwani wewe unasuka?" Nikamwambia, "Karibu chai," safari hii nikicheka mwenyewe, naye hakujua ninacheka nini.

Ila kuna jambo jingine na sijui nimwambie nani. Zamu hii ya usiku Baba Zawadi anarudi alfajiri kwa boda, Kilindini hadi Mikindani, kupitia Changamwe katikati ya matrela. Juzi alinisimulia kwamba kijana wa boda alisinzia taa za nyuma za trela zikiwa mbele yao, yeye akamgonga begani ndipo kijana akashtuka. Alisimulia akicheka, huku anavua viatu. Nimemwambia apande matatu, anasema saa kumi hazijaanza kupita za kwetu. Zamu ni mpaka mwisho wa Januari.