Sponji Ilipotakata

Tangi langu la kwanza la samaki lilikuwa la kioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Ukizidisha unapata lita 54, na ndivyo lebo yake ilivyodai. Ndoo yangu ya lita 10 ilimiminwa mara nne na kidogo tu, kwa sababu changarawe za kina cha sentimita 5 pamoja na nafasi ya sentimita 3 niliyoacha juu zilikula lita 11 hivi. Tangu siku ile dawa zangu zote nazipima kwa lita 43. Anayefuata lebo huzidisha dozi kwa robo.

Tangi lililojaa hivyo lilikaribia kilo 70. Meza niliipima kwa pimamaji, nikatandika povu jembamba chini ya kioo, maana punje moja ya mchanga pale chini yaweza kukipasua. Hita ya wati 50 niliiweka karibu na mdomo wa kichujio ili joto lisambae, nikaiacha majini nusu saa kabla ya kuiwasha. Nyaya niliziacha zining'inie chini zaidi ya soketi, ili tone linalotambaa kwenye waya lidondoke sakafuni.

Hata subira nilikuwa nayo. Bila samaki hata mmoja, nilitia amonia isiyo na sabuni wala manukato hadi miligramu 2 kwa lita, ili kukuza bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi cha samaki, kuwa nitriti, nayo kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. (Tikisa chupa, povu likikawia, ina sabuni, irudishe.) Siku ya 9 amonia ikaanza kushuka na nitriti kupanda. Siku ya 34 tangi liliweza kumaliza amonia na nitriti ndani ya saa 24, ikabaki nitrati. Nikabadilisha sehemu kubwa ya maji, nikaingiza gapi sita, samaki wadogo wa mapambo, wote madume.

Wiki mbili baadaye maji yakawa na ukungu, na sponji ya kichujio ikawa ya kahawia, inateleza. Mimi nikaona uchafu. Nikaipeleka bombani, nikaikamua na kuikamua mpaka maji yakatoka meupe. Kisha, kwa bidii ya mtu asiyejua anachokifanya, nikatoa changarawe nazo nikazisuuza kwenye maji yaleyale yenye klorini.

Ule utelezi ndio uliokuwa na bakteria niliowangoja siku 34. Ndani ya maji yenyewe wamo wachache mno. Wengi huganda kwenye sponji, changarawe na kioo. Klorini huwekwa kwenye maji ya bomba kwa ajili ya kuua bakteria, na haiulizi ni wa nani.

Baada ya siku mbili gapi walikuwa juu, wamejikusanya pale kichujio kinapomwaga maji, mashavu yakienda mbio. Amonia ilisoma miligramu 1 kwa lita, na pH, kipimo cha uasidi wa maji, 8. Kwenye pH 7 kiasi hicho kingewapa nafasi, kwa kuwa sehemu kubwa ya amonia hugeuka amoniamu isiyo na madhara makubwa. Kwenye pH 8, na joto la nyuzi 25, ile sumu yenyewe huwa takriban mara kumi zaidi. Wawili walikufa usiku ule.

Nilianza kubadilisha nusu ya maji kila siku. Hesabu yake ni nyepesi: nusu ya maji hutoa nusu ya amonia, basi moja ikawa nusu, na hiyo ikipanda tena unairudisha chini kesho yake. Kila ndoo ilitiwa kiondoa klorini kwanza, na joto lake halikupishana na la tangi kwa zaidi ya nyuzi 2. Wapo wanaolaza maji kwenye ndoo hadi kesho yake. Klorini huondoka hivyo, ila kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki. Chakula nilikikata kwa siku mbili, kwa kuwa kinachoingia mdomoni hutoka kikiwa amonia.

Siku ya 5 tangu nioshe sponji, nitriti nayo ikapanda. Hii hupenya kwenye mashavu ya samaki na kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, kwa hiyo samaki hutweta hata kama maji yana hewa tele. Niliyeyusha gramu 43 za chumvi tupu, gramu moja kwa lita, nikaimimina kidogo kidogo. Kloridi iliyomo hushindana na nitriti mlangoni, na gapi huivumilia chumvi vizuri. Chumvi haitoki kwa mvuke, hivyo nikitoa lita 20 niliongeza gramu 20, basi.

Kilichookoa siku nyingi zaidi ni maji meusi niliyokamua kutoka kwenye sponji ya tangi lingine lililokomaa, lisilo na ugonjwa, nikayamwaga juu ya sponji yangu iliyokuwa safi kama mpya. Yalichafua tangi zima kwa saa tatu. Siku ya 12 amonia na nitriti zote zilisoma sifuri.

Sponji ile bado ninaitumia. Naikamua mara mbili tatu tu, mara moja kwa mwezi, ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, na narudisha ikiwa bado ya kahawia.