Vipande vya protini na usahaulifu wa bibi

Bibi wa Tukuyu anamkumbuka vizuri aliyempa mche wake wa kwanza wa mgomba, ila ndani ya saa moja anakuuliza mara nne kama umeshakunywa chai. Hajarogwa, wala hafanyi makusudi. Kama ni Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole, tuangalie protini moja inavyokatwa.

Protini hiyo, inayoitwa kwa kifupi APP, imepenya utando wa seli ya neva: sehemu kubwa iko nje, mkia uko ndani. Mara nyingi kimeng'enya (protini inayofanya kazi kama mkasi) cha alfa huikata mahali ambapo kipande kiitwacho beta-amiloidi hakiwezi kutokea. Kikitangulia cha beta, kisha cha gama kikamalizia ndani ya utando, hudondoka beta-amiloidi, kipande chenye asidi amino (matofali yanayojenga protini) 40 au 42. Hizo mbili za ziada zina balaa: kipande cha 42 hushikana na vyenzake upesi zaidi. Ubongo wa kila mtu hutoa vipande hivi. Shida huja vinapotolewa haraka kuliko vinavyoondolewa, vikalundikana.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani Alois Alzheimer alieleza mabonge aliyoyaona kwa darubini kwenye ubongo wa mgonjwa; ndiyo malundo ya vipande hivi, na mabonge yakalaumiwa miaka mingi. Mimi naona vya kuogopwa zaidi ni vikundi vidogo vya vipande hivyo vinavyoelea kabla ya kuwa mabonge. Sogea kwenye sinapsi, pale neva moja inapoipa nyingine ujumbe. Vikundi hivyo hunasa kwenye utando na kuvuruga vipokezi vya glutamati, kemikali inayobeba ujumbe huo. Kalsiamu huingia kupita kiasi, na vijitawi vya kupokelea ujumbe hunywea. Seli ingali hai, lakini haisikii tena. Halafu tau, protini inayoimarisha njia za usafirishaji ndani ya neva, hubanduka na kujisokota. Mahitaji hayafiki kwenye ncha, na hatimaye seli hufa.

Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, huumia mapema. Ndiyo maana mgomba unakumbukwa na chai inasahaulika.

Dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi na kupunguza kasi ya ugonjwa kiasi, lakini haiponyi, na inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu.

Kwa hiyo msikubali jina la Alzheimer haraka. Bibi apimwe tezi ya shingo, vitamini B12, sukari, kaswende na VVU. Mpelekeeni daktari dawa zote anazomeza, hata zile za kwenye mfuko juu ya kabati. Na kama aliteleza shambani wiki chache zilizopita akagonga kichwa, semeni hilo kwanza: damu iliyovilia ndani ya fuvu nayo husahaulisha, na huweza kuondolewa kwa upasuaji.