Siku niliyopewa mkasi

Juzi shambani Hombolo, Dodoma, binti wa kaka aliniuliza, "Shangazi, mbona wavulana wanapogoa mizabibu, sisi tunachota maji tu?" Nikamwambia ngoja, nitakujibu. Bado natafuta jibu lililo sawa na umri wake.

Sisi tuliambiwa kazi ya shamba la zabibu ni nzito. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa mizabibu, linaingia lita 16, kwa hiyo ni la wavulana. Maji ya kulijaza tuliyaleta wasichana, ndoo ya lita 20 kichwani, kutoka kisimani. Sikumsikia mtu mzima hata mmoja akizitaja hizo lita zote mbili kwa pamoja. Na mkasi wa kupogolea je, ambao haufiki hata kilo moja? Hapo ndipo sababu yenyewe ilipotajwa: wewe utaolewa, kaka yako ndiye atakayebaki na shamba.

Mwaka ule kaka alikuwa bweni. Mavuno ya Machi yalikuwa yameisha, na mvua za Dodoma zikishakatika Aprili hazirudi mpaka mwisho wa mwaka. Ukichelewa kupogoa, machipukizi yanakosa unyevu uliobaki ardhini, yanatoka dhaifu. Baba akaniita, akanitia mkasi mkononi.

Alishika tawi la kwanza. Hesabu macho, yaani vifundo vinavyotoa machipukizi, kuanzia shinani, acha mawili au matatu. Ukiacha mengi utapata mashada mengi yenye punje ndogo, sukari kidogo. Kata juu ya jicho la mwisho, upana wa kidole, mshazari, ili maji yateremkie upande usio na jicho. Ukikata karibu mno, jicho linakauka. Ukikata mbali, kile kisiki kinakufa na kuoza. Kisha akaugeuza mkasi kiganjani mwangu: wembe ukae upande wa tawi linalobaki, maana ule upande butu unaponda. Springi ilinizidi nguvu, nikabana kwa mikono miwili. Tawi likaanguka. Pale lilipokatwa pakajaa maji, yakadondoka tone moja moja juu ya vidole vyangu. Nikadhani nimeuua mzabibu. Baba akapagusa kwa kidole gumba, akasema, "Ndivyo mzabibu unavyofanya ukiwa mzima. Haya mama, mwingine."

Nilipogoa mpaka kaka alipomaliza shule. Akarudi, mkasi ukarudi kwake, hakuna aliyesema neno.

Leo kaka anaendesha malori na mizabibu naitunza mimi, ila shamba ni la baba. Kanuni za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimweka binti nyuma ya kaka zake katika mirathi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kaka mwenyewe ndiye anayeshikilia jina langu liingie kwenye hati ya hakimiliki ya kimila. Baba anasema tutaongea.

Nampenda baba, na kila ninachokijua kuhusu mizabibu nilianza kukijua siku ile. Ila sijaweza kumuuliza kama alikusudia kunifundisha mimi, au alimfundisha tu mtoto aliyekuwepo nyumbani.