Siku yangu moja na mlima unaotambaa

Saa 1 asubuhi. Kazi yangu ni kukadiria kama mlima ulio juu ya bwawa moja la umeme, ambao unateremka polepole, utaporomokea majini. Modeli yake ya kompyuta iliyokuwa ikikokotoa usiku kucha imemaliza bila kukwama, jambo ambalo si la kila siku. Ndani ya kompyuta mlima wangu umekatwa vitalu maelfu, kila kimoja kikisukumana na kusuguana na jirani zake. Mbinu hii aliileta Peter Cundall mwaka 1971. Mashine zimekuwa na nguvu mno tangu hapo, na sisi tumezidi kuongeza vitalu, kwa hiyo kusubiri kuko palepale.

Saa 2 na nusu. Vipimo vya jana kutoka mlimani: rada, GPS, na piezometa zinazopima presha ya maji ndani ya miamba. Mwendo wenyewe siuangalii sana. Nachukua 1, nagawanya kwa mwendo, nachora. Mlima ukienda milimita 10 kwa siku napata 0.1, ukifika 20 napata 0.05. Nukta zikianza kuteremka kwa mstari ulionyooka, pale mstari utakapogusa sifuri ndipo penye tarehe ya kuogopa. Leo zimelala. Mlima unatambaa, ila hauongezi mwendo.

Saa 4. Hapa ndipo siku yangu inapoliwa. Mlima mzima unakalia tabaka la mfinyanzi ambalo unene wake pengine hauzidi upana wa kiganja, na maabara imeniletea majibu yasiyolingana. Chukua tabaka lililoinama nyuzi 15, kavu, lisilo na mshikamano wowote, yaani linashikwa na msuguano peke yake. Pembe ya msuguano, yaani mwinamo ambao tabaka likiuzidi huanza kuteleza, ikiwa nyuzi 18, kigezo cha usalama (nguvu inayoshikilia ukigawanya kwa inayosukuma) ni 1.21, mlima umesimama. Ikiwa nyuzi 14, ni 0.93; umeshaondoka. Nyuzi 4 tu! Ndiyo maana mtu akiniletea ripoti yenye kigezo kimoja, kimeandikwa hadi desimali ya tatu, namuuliza mfinyanzi wake aliutoa wapi na kwa kina gani.

Saa 6 mchana. Kikao. Tusonge mbele.

Saa 7 na nusu. Naongeza maji. Kila mita 10 za maji huleta takriban kilopaskali 100 za presha, na presha hiyo hubeba sehemu ya uzito wa mlima, msuguano ukapungua. Hilo wengi wanalijua. Wanachosahau ni upande wa pili: ukishusha bwawa haraka, maji yaliyokuwa yakiegemea mguu wa mteremko yanaondoka, huku yaliyomo ndani ya mwamba yakichelewa kutoka. Nikijaribu kushusha taratibu, modeli inatulia. Nikiharakisha, vitalu vya chini vinaanza kuachana.

Saa 9 alasiri. Wimbi ambalo mlima ungelirusha ukiangukia bwawani. Kila nikifika hapa nafikiria bwawa la Vajont, Italia. Wahandisi wake waliijaribu hatari hiyo ya wimbi kwa modeli ya maabara, wakatumia kokoto mahali pa mwamba, na jibu likawa kwamba maji yakiwa mita 700 juu ya usawa wa bahari hakuna hofu. Tarehe 9 Oktoba 1963, saa 4:39 usiku, maji yakiwa karibu na mita hizo 700 baada ya kushushwa, takriban mita za ujazo milioni 270 za mlima wa Monte Toc, uliokuwa kando ya bwawa, ziliteremka kama pande moja. Wimbi lilipita juu ya ukuta wa bwawa kwa zaidi ya mita 100, likaufuta mji wa Longarone ulio bondeni, na karibu watu 2,000 wakafa. Ukuta wenyewe ulibaki umesimama. Kokoto za maabara hazikuweza kwenda kwa kasi ya pande lile, na kasi ndiyo inayojenga wimbi. Kwa hiyo mimi sianzi na kasi inayowezekana zaidi. Naanza na ile mbaya kabisa ambayo fizikia bado inairuhusu, halafu anayetaka kuipunguza aniletee ushahidi.

Saa 10 na nusu. Simu kutoka kwa wasimamizi wa bwawa. "Mhandisi, tuambie tu, unaanguka au hauanguki?" Nawaelewa, wao wana mitambo ya umeme, na kila mita ya maji ni pesa. Lakini jibu la ndiyo au hapana sina, wala modeli haina. Nilichowaandikia ni mambo matatu: washushe maji kwa kasi gani, presha ikifika wapi kwenye piezometa wasimamishe kushusha, na mlima ukifikia mwendo gani watu wa bondeni wahamishwe bila kunisubiri mimi.